Vipisi vya sigara kwenye fuo za Malindi: tupeleke ombi bunge la kaunti

mchanga_wa_silversands

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Haya tumeyazungumza sana vibarazani na hayaendi popote, kwa hiyo nayaleta hapa tuyajadili kwa marefu. Kisha mwenye nia tushikane mikono tuandike ombi.

Wanaotoka na kikundi chetu kusafisha ufuo wanajua hali ilivyo. Tunaanza alfajiri maji yakikupwa, tunatoka upande wa gati tukielekea Silversands. Mifuko ya plastiki siku hizi ni ya kubahatisha, tangu ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Chupa bado zipo, lakini chupa unaiona kwa mbali, unainama, unaitia guniani, basi. Kinachotushinda ni vipisi vya sigara. Reki haivishiki, vinapita katikati ya meno yake. Na wakati wa kusi, majani ya bahari yakishajazana ufuoni, vipisi vinazama humo ndani, itabidi upige magoti uchambue kwa vidole kimoja kimoja. Vile vilivyokaa sana karatasi yake imeshatoka, kimebaki kichungi peke yake, kimevimba, kimegeuka rangi ya manjano iliyochujuka. Ukikibana kinatoa maji ya kahawia, na ile harufu haitoki mkononi hata ukisugua kwa ndimu. Ndiyo maana watoto wanaotusaidia hatuwaruhusu kuviokota bila glavu.

Watu wengi niliozungumza nao wanadhani kile kichungi ni pamba. Si pamba. Ni nyuzi za plastiki inayoitwa selulosi asetati, maelfu ya nyuzi zilizobanwa pamoja. Jua na chumvi havizimalizi, vinazikatakata tu zikawa ndogo mpaka jicho lisizione. Ndani yake kuna kila kilichonaswa kutoka kwenye moshi: nikotini, aseniki, madini mazito. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha San Diego State, Marekani, waliloweka vipisi vilivyokwisha kuvutwa kwenye maji, wakatia samaki wadogo. Kiasi cha kipisi kimoja kwa lita moja ya maji kilitosha kuua nusu ya samaki hao, wa maji baridi na wa maji chumvi. Shirika la Afya Duniani nalo lilipoadhimisha siku ya kupinga tumbaku, 31 Mei 2022, lilichagua mazingira kuwa ndiyo mada, likasema vipisi vinavyotupwa ovyo duniani kwa mwaka ni kama trilioni 4.5.

Sasa niwaonyeshe kinachonikera. Tangu 5 Juni 2020 plastiki ya kutumika mara moja imekatazwa kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa za nchi hii. Hifadhi yetu ya bahari ni ya tangu 1968, ni miongoni mwa za mwanzo Afrika nzima. Mgeni akija lango la Casuarina na chupa ya maji ya plastiki, kwa sheria hiyo aiache. Lakini pakiti iliyo mfukoni mwake ina vichungi 20 vya plastiki, na anapanda nayo boti mpaka kwenye matumbawe bila ya mtu kumuuliza lolote. Chupa moja ni kosa, vichungi 20 si neno. Nani aliamua hivyo? Hakuna aliyeamua. Hapakuwa na aliyekiona kichungi kuwa ni plastiki.

Ninachosema ni hiki. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 nguvu yake kubwa imewekwa kwenye moshi, matangazo na watoto, na ni sheria nzuri. Lakini kipisi kikishazimwa kinakuwa taka, na taka, kwa Katiba yetu, ni kazi ya kaunti. Kaunti ya Kilifi isingoje Nairobi. Itunge sheria yake ya vipisi, na itungwe bungeni, ipitie kwa wananchi, isiwe tamko la siku moja mbele ya kamera. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu tumeshaumwa nalo.

Semeni.

nahodha_boti_ya_kioo

Mimi natembeza wageni kwenye boti ya kioo, kwa hiyo yananihusu moja kwa moja. Zamani tulikuwa tunaweka kifuu cha nazi chenye mchanga pale karibu na mashine, mgeni akimaliza azimie humo. Kwa macho kilipendeza, lakini upepo wa saa sita ukivuma vipisi vyote vinaruka baharini. Sasa kuna kopo la maziwa lenye kifuniko, limefungwa kwa kamba. Mgeni ukimwelekeza kwa adabu hakatai hata siku moja. Wengine hufurahi, wanakuuliza maswali juu ya samaki.

Shida kubwa ni sisi wenyewe tulio ufuoni tukisubiri wateja. Tunavuta kuanzia asubuhi, tunafukia kwenye mchanga kwa kidole cha mguu. Ukifukia huoni, basi unahisi umetupa pahali pake. Maji yakijaa yanafukua yote.

Kaka mchanga, swali langu ni moja. Hiyo sheria mnayoitaka faini yake ni kiasi gani? Maana faini ya taifa, ukikutwa ukivuta mahali palipokatazwa, inafika shilingi 50,000 au miezi 6 ndani. Kwa kijana wa ufuoni hiyo si faini, hiyo ni kumwuza.

dukani_maweni

Haya, na mimi wa kioski nitasemaje? Mteja wangu hana pesa ya pakiti. Anakuja asubuhi na shilingi zake, anachukua moja, jioni anarudi achukue nyingine. Najua sheria inakataza kuuza moja moja, pakiti isipungue sigara 10. Najua pia kila kioski kuanzia hapa mpaka Gongoni kinauza moja moja na kiberiti kimening'inizwa kwa uzi. Mkianzisha sheria nyingine juu ya hii, hoteli haitaguswa, bali askari wa kaunti watakuja kwangu. Watachukua pakiti zangu, watachukua na kitu kidogo, kisha kesho watarudi tena. Msiniambie haitakuwa hivyo, maana mnajua inavyokuwa.

Na mimi ufuo naupenda. Nimezaliwa hapa.

mwalimu_barani

Ndugu wa kioski, nakuheshimu, lakini hiyo sigara ya moja moja ndiyo ya wanafunzi wangu. Mtoto wa darasa la saba hawezi kununua pakiti. Moja anaweza, akakosa mandazi siku hiyo. Umri wa miaka 18 umeandikwa kwenye sheria, ila kwenye dirisha la kioski haulizwi mtu.

Niongeze jambo ambalo mwanzisha uzi hakuligusa: vipakiti vya tumbaku ya kutafuna. Nyuma ya vyoo vya shule vimejaa, vidogo, vinang'aa, vya plastiki tupu. Ule uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulioonyesha kwamba watu wazima milioni 2.5 nchini, yaani asilimia 11.6, wanatumia tumbaku, ulihesabu pamoja na wanaotafuna na wanaonusa. Tukizungumza vipisi tu tutakuwa tumeshughulikia nusu ya taka.

mchanga_wa_silversands

Mwalimu, ahsante, vipakiti vitaingia kwenye ombi.

Ndugu wa Maweni, umesema kweli tupu na sitaki tuipite haraka. Sheria yoyote itakayompa askari nafasi ya kusimama mbele ya kioski na kuamua peke yake, itageuka kuwa ushuru wa mfukoni. Kwa hiyo ninachopendekeza kianzie juu, kwa mwenye kutengeneza. Mwaka 2009 mji wa San Francisco uliweka ada ya senti 20 za dola kwa kila pakiti, kwa ajili ya kusafisha vipisi tu. Walichofanya ni kupiga hesabu ya gharama ya kuviokota na kuigawanya kwa pakiti zinazouzwa mjini. Sisi hatuna uwezo wa kuweka ushuru wa aina hiyo kienyeji, lakini nchi ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, ambayo inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake mpaka inapokuwa taka. Wenye viwanda vya chupa wanaguswa. Wenye viwanda vya sigara wasiachwe. Kaunti ina haki ya kudai: plastiki yenu iko kwenye mchanga wetu, gharama ya kuiondoa mnayo nyinyi.

Nahodha, kuhusu faini mimi nataka iwe ndogo, ya kulipika, na asiye nayo aokote pamoja nasi asubuhi moja.

mfanyakazi_wa_hoteli

Nawaunga mkono kwa moyo, ila nimeajiriwa na najua wakubwa watakavyosema: wageni watakimbilia Diani au Zanzibar. Malindi ni ya Wataliano, na Mtaliano na sigara yake ya baada ya kahawa...

dada_wa_watamu

Hapo kaka nakukatiza. Hao Wataliano kwao wanakatazwa. Milan tangu 1 Januari 2025 huwezi kuvuta barabarani wala mahali popote pa wazi ukiwa karibu na mtu mwingine, lazima muachane kwa mita 10. Na hilo liliamuliwa na baraza la mji. Barcelona walijaribu kwenye fuo chache mwaka 2021, mwaka uliofuata wakazifunga fuo zote za mji kwa wavutaji. Ufaransa tangu 29 Juni 2025 fuo za kuogelea wakati wa msimu wake, bustani na vituo vya basi, faini euro 135. Hakuna aliyeacha kwenda Barcelona. Mgeni huyo huyo anayezima sigara akiambiwa kwao, mnataka kusema akifika kwetu atahama nchi akiambiwa azimie kwenye kopo?

Hapa Watamu wageni wanakuja kuona kasa wakitaga. Wanauliza kabla hawajauliza bei ya chumba kama ufuo ni safi.

mfanyakazi_wa_hoteli

Dada umenipa maneno ya kuwaambia. Niongeze la ndani kidogo. Kwenye hoteli nyingi kila meza ya ufuoni ina kisahani cha majivu, ambacho jioni humwagwa kwenye pipa lisilo na kifuniko, lililo hatua chache kutoka majini. Kunguru na upepo wanamaliza kazi. Kwa hiyo sheria isiseme tu "weka kisahani". Iseme taka ya kisahani inaishia wapi.

mzee_wa_ngomeni

Mimi navuta tangu nikiwa baharia. Sijaja kugombana. Nipeni mahali pa kutupia nitatupa. Kutoka gati mpaka msikitini hakuna hata pipa moja. Kijana akinifokea "mzee okota" na yeye mwenyewe hajui nitie wapi, ananidhalilisha bure.

mchanga_wa_silversands

Mzee wetu, shikamoo. Hilo ni la kwanza kwenye orodha: mapipa yatangulie, faini ifuate baadaye. Kaunti isipoweka pipa isiwe na haki ya kumtoza mtu.

wakili_mtaani

Nimesoma yote. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mambo mazuri ya kaunti zetu huzama.

Kumbukeni muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alitoa amri ya kupiga marufuku muguka, na siku chache tu baadaye Gavana Gideon Mung'aro wetu wa Kilifi akafuata. Pwani nzima ilishangilia, akina mama hasa, na kilio chao kilikuwa cha haki. Haikupita wiki, Rais akasema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku. Malori yakaendelea kuja. Uone ubaya wa muguka usione, amri ya mtu mmoja iliyosimama dhidi ya sheria ya Bunge haikuwa na miguu.

Shisha vile vile. Ilipigwa marufuku na waziri wa afya Desemba 2017. Septemba 2024, hapa hapa Pwani, mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu walioshtakiwa kwa shisha kwa sababu kanuni zile hazikupelekwa Bungeni zikaidhinishwa ipasavyo. Kanuni nzuri ilianguka kwa sababu ya njia iliyopitia.

Sasa linganisheni na Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014, zile zilizoleta picha za maradhi kwenye pakiti na mchango wa asilimia 2 kutoka kwa kampuni za tumbaku. British American Tobacco walizipinga Mahakama Kuu, wakashindwa. Wakaenda Mahakama ya Rufaa, wakashindwa. Wakafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 wakashindwa tena. Moja ya hoja zao kubwa ilikuwa kwamba hawakushirikishwa, na majaji waliona ushirikishwaji ulifanyika. Kampuni yenye mawakili wa kila aina haikuweza kuziangusha. Hilo ndilo darasa letu. Tukiwaita wote mezani, pamoja na wenye vioski na wenye kampuni, na kumbukumbu za mikutano zikawekwa, sheria itasimama.

Uwezo wa kaunti uko wapi? Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili. Afya ya kaunti, ambamo imo kuondoa na kutupa taka. Uchafuzi wa hewa na kero kwa umma. Matangazo ya nje. Leseni za biashara. Inatosha kabisa kwa mnachokitaka, ila kuna tahadhari moja ambayo sijaona mtu akiigusa: ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa si ya kaunti. Kifungu cha 62 kinaiweka chini ya serikali ya taifa. Na ndani ya hifadhi ya bahari mwenye amri ni KWS, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa hiyo mkiandika "ni marufuku kuvuta sigara ufuoni", mtu wa kwanza kushtakiwa atauliza askari wa kaunti alipata wapi mamlaka ya kumkamata kwenye mchanga wa taifa, na mtaingia kwenye kesi ya miaka.

Andikeni kwa njia nyingine. Ifungeni leseni. Hoteli, mkahawa, boti, kioski kilicho karibu na ufuo: mwenye leseni awajibike kwa vipisi vya wateja wake, awe na chombo chenye kifuniko, aonyeshe vinapelekwa wapi, na leseni isirudishwe upya mwakani kama hajafanya. Hapo mnamgusa mwenye mali kabla ya mwenye kutembea kwa miguu, na hakuna anayeweza kusema kaunti imevuka mpaka. Kwa upande wa hifadhi andikeni barua ya pili kwa KWS, kwamba kichungi kihesabiwe katika ile marufuku ya plastiki ya 2020.

Ombi lenyewe mnayo haki nalo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Na hatuna hata safari ndefu, bunge letu lina ofisi zake hapa hapa Malindi.

dukani_maweni

Wakili, kwa hiyo leseni yangu mimi ndiyo itakayofungwa?

wakili_mtaani

Inategemea itakavyoandikwa, ndiyo maana nataka uwe mezani na usisubiri kusikia redioni. Pendekezo langu: kioski kidogo kitakiwe chombo tu, kopo lenye kifuniko, na kaunti ndiyo ivikusanye. Mzigo wa kupeleka uwe wa wenye hoteli na wenye kampuni. Kuhusu kuuza moja moja, hiyo ni sheria ya taifa tayari, kaunti haiwezi kuihalalisha, na mimi sitakudanganya kwamba itaweza.

dukani_maweni

Nitakuja. Na nitawaleta wenzangu wawili watatu wa soko la zamani.

lamu_mkomani

Sisi wa Lamu twawasoma kimya kimya, mniruhusu niingie.

Huku kwetu michirizi ya maji machafu yapita wazi kati ya nyumba, yashuka mpaka baharini. Mtu akitupa kipisi mlangoni mwa nyumba ya Mkomani, mvua moja tu kishafika kwenye maji ya madau. Hahitaji hata kwenda ufuoni. Na kwetu kuna la moto pia. Makuti, na nyumba zimekaribiana hadi ukinyosha mkono wagusa ukuta wa jirani. Mji wa urithi wa dunia tangu 2001, na kipisi kisichozimwa vizuri chaweza kuondoa mtaa mzima. Na nyinyi huko muna makuti mengi mahotelini, msisahau kulitia hilo, maana kazi ya zimamoto nayo ni ya kaunti.

Kuhusu ushirikishwaji, wakili asema kweli, na sisi tunao ushahidi wetu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la kuamua kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Lamu, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakikana. Mradi wa mabilioni ulizuiliwa kwa jambo hilo. Kama mkubwa kama ule waweza kuanguka kwa kutoshirikisha watu, kasheria kadogo ka vipisi kataanguka mapema zaidi.

Jambo la mwisho. Dau la Flipflopi lilitengezwa huku kwetu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, likatiwa majini 2018, likasafiri mpaka Zanzibar. Twajivunia. Lakini mafundi wenyewe watakwambia si kila plastiki yafaa kuchongewa dau. Kichungi kilichojaa sumu hakuna fundi atakayekitaka. Kwa hivyo msiwe na tamaa ya kwamba vitakusanywa vigeuzwe kitu. Bora visiwepo.

dada_wa_watamu

Hapo "bora visiwepo" ndipo Santa Cruz walipofika. Ni kaunti ya California, ya fuo na utalii kama sisi. Oktoba 2024 wasimamizi wa kaunti walipitisha sheria ya kukataza kuuza sigara zenye vichungi, kaunti ya kwanza kufanya hivyo Marekani, na ianze kazi si mapema kuliko 2027. Hawakukataza sigara, wamekataza plastiki iliyo mwishoni mwake. Na hoja yao ni kwamba kichungi hakimkingi mvutaji kama alivyoaminishwa, kinamfanya tu avute kwa kina zaidi akidhani yuko salama. Waliweka sharti kwamba miji miwili ndani ya kaunti nayo ipitishe sheria kama hiyo, ili mnunuzi asivuke barabara akanunue upande wa pili.

Naomba nalo liingie kwenye ombi, hata kama ni la miaka ijayo.

wakili_mtaani

Kuzuia bidhaa ambayo sheria ya taifa inairuhusu iuzwe ni njia ya muguka. Kwa kaunti zetu naliona gumu. Lipelekwe Seneti, ambako mwaka 2024 uliletwa mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku. Wao ndio wenye nafasi ya kukigusa kichungi kwa nchi nzima.

kijana_wa_mtangani

Samahanini wakubwa. Soko letu taka zinakaa mpaka zinaoza, gari la kaunti linapita likitaka. Mnajadili vipisi? Kwanza wazoe maganda ya maembe.

mchanga_wa_silversands

Mdogo wangu, hasira yako naielewa, na kila mtu wa Malindi anayepita sokoni anayo. Lakini ganda la embe baada ya miezi ni udongo. Kipisi cha leo mwanao atakikuta. Na tena nisikilize: mpaka leo kaunti ikiulizwa juu ya taka inajibu haina pesa. Hapa kuna taka ambayo mwenyewe anajulikana kwa jina, ana kiwanda, na sheria ya 2022 inamdai. Tukifanikiwa kumfanya mwenye kiwanda alipie mapipa na mtu wa kuyamwaga kutoka gati mpaka Casuarina, gari hilo hilo litapita njia ya soko. Tusiache mlango huu kwa sababu mwingine umefungwa.

Nimeandika muhtasari wa ombi kutokana na mliyosema. Nauweka hapa muukosoe.

Tunaliomba bunge la kaunti litunge sheria ya taka za tumbaku, yaani vipisi na vipakiti vya kutafuna. Kaunti iweke mapipa yenye vifuniko kwenye gati, vituo vya matatu, masoko na njia zote za kuingilia ufuoni, na faini yoyote isianze kabla mapipa hayajawekwa. Kila mwenye leseni ya hoteli, mkahawa au baa karibu na bahari awajibike kwa vipisi vya wateja wake mpaka vinapotupwa kwa mara ya mwisho, na hilo likaguliwe leseni inapofanywa upya. Vioski vidogo vitakiwe chombo tu. Faini ya mtu mmoja mmoja iwe ya kulipika, ilipwe kwa risiti ya kaunti na kamwe isiwe taslimu mkononi mwa askari, na asiyeweza afanye kazi ya usafi. Kaunti iandike rasmi kwa serikali ya taifa kuwadai wazalishaji wa sigara mchango wa gharama. Sehemu za makuti ziwe na masharti yake kuhusu moto. Na kabla ya kupitishwa, vikao vya wananchi vifanyike Malindi mjini, Watamu, Mambrui, Gongoni na Ngomeni, kwa Kiswahili, jioni watu wakiwa wametoka kazini na baharini.

Barua ya KWS inakwenda peke yake.

mzee_wa_ngomeni

Vikao Ngomeni visiwekwe jioni ya bamvua. Watu watakuwa majini. Wekeni Ijumaa baada ya swala.

mwalimu_barani

Ongezeni kwamba mapipa yasiwekwe karibu na malango ya shule. Pipa la vipisi likikaa langoni, ndipo wavutaji watakaposimama.

nahodha_boti_ya_kioo

Boti mmezisahau. Wakili alizitaja, kwenye muhtasari hazimo. Andikeni: kila boti ya kutembeza wageni iwe na kopo lenye kifuniko lililofungwa kwa kamba, na nahodha alimwage nchi kavu kwenye pipa la kaunti. Mimi nitazungumza na wenzangu wa Casuarina waweke sahihi zao. Karatasi nizifuate wapi?

mchanga_wa_silversands

Nimeiongeza, neno kwa neno. Karatasi za sahihi zitakuwa kwetu Jumamosi asubuhi, pale tunapokutania kabla ya kuanza kusafisha. Kila mwenye kutia sahihi aje na kitambulisho, aandike jina kamili na wadi yake. Wakili ameahidi kulisoma ombi kwa mara ya mwisho Ijumaa, na Jumatatu tunalipeleka kwa karani wa bunge la kaunti, tunarudi na nakala iliyogongwa muhuri. Nitaibandika hapa.